Mnong'onezi Aliyenyamaza

San Lázaro del Valle,
Jumatano ya Majivu, 7 Machi 1973

Kwa Baba yangu mpendwa, don Hipólito Mejía,
Las Quebraditas.

Nakuamkia kwa heshima, Baba, na kupitia kwako namwamkia Mama, shangazi Petrona na wote waliokaa hapo barazani kusikiliza. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala kiasi, na kile kikohozi cha Januari kimekwisha. Goti lako linaendeleaje? Tacho dereva aliniambia umeanza kushuka mwenyewe hadi mtoni bila fimbo. Nilifurahi, halafu nikaogopa, kwa sababu nakujua: ukiweza kushuka utataka na kubeba. Mama bado anakataa kupumzika mchana? Na kwato ya nyumbu wetu Golondrina imepona? Kahawa mliyonitumia ilifika salama, na vile vibiskuti vya mahindi na jibini vilifika nusu, maana Tacho alikiri mwenyewe kwamba njia ni ndefu na mkono wake ni mwepesi.

Niña Otilia, najua ni wewe unayewasomea barua hii, kama ulivyowasomea nyingine zote. Nawe nakuamkia, na macho yako Mungu ayatunze. Nakuomba jambo moja leo. Soma yote. Ukifika mahali utakapoona aibu kwa niaba yangu, usiruke wala usipunguze sauti. Sababu utaiona mbele.

Baba, ujumbe wako niliupata. Tacho alisimamisha basi mbele ya ofisi, injini inanguruma, abiria wanamlaumu, akaniita kwa sauti ambayo soko zima liliisikia: "We Malaika! Baba yako kasema hivi: Shetani kakuvulia pembe!" Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Nilikuwa nimekumbatia rundo la mafaili. Nikatabasamu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, nikarudi mezani kwangu, nikakaa muda mrefu bila kugusa karatasi hata moja.

Hujawahi kunitumia maneno kama hayo. Silalamiki. Nataka tu ujue kwamba niliyapokea, na kwamba ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mnaponiita Malaika pale kijijini, wengine wenu mmeshasahau jina lilitoka wapi. Mimi sijasahau. Nilikuwa na miaka saba. Mama alinishonea mabawa kwa shuka la shangazi, na kazi yangu katika mchezo wa wachungaji Krismasi ile ilikuwa moja tu: kutoka nyuma ya hori na upanga wa mbao, kumgusa Shetani kifuani, naye aanguke. Shetani alikuwa wewe. Miaka thelathini ulikuwa wewe, kwa pembe za fahali na masizi usoni, na watoto wa vijiji vitatu walikuwa wakilia kabla hujafika kanisani. Nilitoka, nikakuona, nikatupa upanga, nikajificha chini ya kitambaa cha altare. Ikabidi uanguke mwenyewe bila kuguswa na mtu. Watu walicheka mpaka Kwaresima. Wewe hukunikaripia, wala hukulitaja tena. Mwaka uliofuata mabawa alivaa mtoto wa jirani, na mimi ukanipeleka shule ya mjini. Nimekuwa nikijiuliza tangu wakati huo kama shule ilikuwa zawadi au njia ya kuniweka mbali na jukwaa.

Sasa niwaeleze kwa utaratibu, maana Tacho huongeza chumvi.

Mwalimu Lisandro Cálix alipohamia hapa San Lázaro miaka mitatu iliyopita, aliwaona watu wa hapa wakicheza wachungaji kama mnavyocheza nyumbani. Akasema watu hawa wanaojua kuwa wachungaji wa Bethlehemu kwa siku kumi na mbili, kwa nini wasiwe wao wenyewe kwa siku zilizobaki? Watu wakadhani jua limempiga kichwani. Mwaka wa kwanza aliwapa mchezo wa kale wa Uhispania, wenye mabwana wa mapanga na barua za siri. Don Eulogio mfyatua vigae alivaa soksi ndefu nyeupe za mkewe, na watazamaji walisinzia, isipokuwa pale soksi ziliposhuka. Mwaka wa pili Mwalimu aliandika mwenyewe kichekesho cha nyumbu aliyekataa kumhamisha hakimu, na ukumbi ukatikisika. Mwaka huu akaandika "Seng'enge". Inahusu ardhi ya kijiji inayozungushiwa waya na mwenye shamba kubwa. Hakuna aliyeuliza ni kijiji gani. Kila aliyekuja mazoezini alidhani ni chake.

Mimi niliingia kikundini kwa sababu ninajua kusoma, na kwa sababu Mwalimu aliniomba kwa upole na sikuweza kukataa. Waigizaji wetu wengi hawasomi. Wanacheza kwa desturi ya wachungaji, ambayo wewe unaijua kuliko mimi: mtu hafungui mdomo mpaka mnong'onezi ampe maneno, hata kama anayajua. Anayemtangulia mnong'onezi wazee husema amejifanya padre. Wewe peke yako uliruhusiwa, kwa kuwa mlisema Shetani hahitaji kuambiwa la kusema. Basi mimi nikawa mnong'onezi. Ukingoni mwa jukwaa la shule ya wavulana kuna kibanda cha mbao kama pipa lililopasuliwa. Watazamaji wanaona mgongo wake tu. Mimi nakaa ndani nimejikunja, karatasi magotini, kichwa changu kikiwa sawa na miguu ya waigizaji. Nilipapenda mahali pale, Baba. Niko mchezoni na hakuna anayeniona.

Mazoezi tuliyafanya uwanjani kwa don Eulogio, katikati ya vigae vilivyoanikwa, mchana, vilipokuwa vikikauka. Wanawake wa sokoni walikuja na vikapu vyao, wakakaa, wakakosoa. Candelaria Funes, anayeuza tortilla, mikate ya mahindi, karibu na kisima, ndiye aliyekuwa mjane. Mwanamke huyo ana ulimi. Mimi aliniita Mstari, kwa sababu ni mwembamba, alisema, kama mstari unaochorwa chini ya sahihi. Nikinong'ona vibaya alisimama katikati ya kilio: "We Mstari, unanipa maneno au unanisomea bei za chumvi?" Tulirudia mara nyingi hata wauza vitunguu wakawa wanajua mchezo wote.

Sasa kuhusu kibali. Mchezo wowote unaoonyeshwa mbele ya watu lazima uletwe ofisini kwetu kwa nakala mbili, na kila ukurasa upigwe muhuri. Anayepiga muhuri ni mimi. Aliyechapa nakala za kikundi pia ni mimi, maana mwandiko wa Mwalimu hausomeki. Kwa hiyo mchezo ulitoka mkononi mwangu asubuhi ukaingia mkononi mwangu mchana, na sikuona ubaya wowote mpaka Bwana Katibu Barahona alipouomba ausome mwenyewe.

Aliurudisha baada ya siku tatu. Alikuwa amekata sehemu moja kwa kalamu nyekundu, ya mwisho kabisa. Waya umepitishwa juu ya kaburi la mume wa mjane, naye anamwambia mwenye shamba na watu wake: "Nyinyi mnaona ardhi. Mimi namwona Ramón amelala hapa, na waya wenu umempita kifuani. Utoeni, apumue. Msipoutoa nyinyi, tutautoa sisi." Maneno hayo yote yalikatwa. Mahali pake Bwana Katibu aliandika kwa mkono wake kwamba mjane anapiga magoti na kusema, "Mungu awasamehe, mabwana," kisha pazia. Akaniita, akaniambia polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba Kamanda wa wilaya angekuja kutazama, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa ndani ya kile kibanda. Likitoka neno lisilo na muhuri, alisema, litakuwa limetoka kwangu.

Nilimpelekea Mwalimu. Aliitazama ile nyekundu, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema tutafuata nakala yenye muhuri. Alisema afadhali mchezo wenye kidonda kuliko mchezo usiochezwa. Candelaria alisubiri tuondoke. Alinifuata hadi kona ya kanisa, akanishika mkono kwa vidole vyake vya unga. "Sikiliza, Mstari. Nina mume pale makaburini na shamba la baba yangu lina waya. Siku hiyo unipe maneno yangu. Usiponipa, sitasema neno, nitasimama pale kama nguzo mpaka uoze humo ndani." Nilimwambia nitaona. Hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu, kama Mama anavyojua.

Mchezo ulikuwa Jumamosi, tarehe 17 Februari, saa tisa alasiri. Yaliyotokea nitayasema kwanza kama watu wanavyoyasema.

Watu wanasema ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wanasema Kamanda alikaa mstari wa mbele na mkewe, kofia gotini, na kwamba aliucheka sana mzaha wa don Eulogio na mbuzi. Wanasema ilipofika sehemu ya mwisho, Candelaria alisimama mbele ya waya, akasubiri maneno. Maneno hayakuja. Akaendelea kusimama. Hakutikisika, hakuangalia chini, alisubiri kama desturi inavyotaka. Ukumbi ukatulia hata kuku wa padre wakasikika ng'ambo ya ukuta. Ndipo nyuma kabisa mwanamke mmoja akasema, si kwa kelele, "Nyinyi mnaona ardhi." Mwingine akapokea: "Mimi namwona Ramón amelala hapa." Na kutoka hapo wakawa ukumbi mzima, kwa sauti ya chini, kwa pamoja, kama watu wanavyoitikia rozari. Wakafika mwisho. "Tutautoa sisi." Candelaria akainamisha kichwa, pazia likafungwa.

Wanasema Kamanda alisimama, akatazama nyuma, akaona nyuso mia tatu na midomo yote imefungwa. Angemshika nani? Mjane hakusema. Mnong'onezi hakunong'ona. Alivaa kofia yake akatoka, mkewe nyuma yake.

Na wanasema mnong'onezi alifanya kusudi. Kwamba yule karani wa ofisi ya vibali, mwoga wa kila siku, alikaa humo ndani na karatasi mbili, ya muhuri na ya kweli, akazifunga zote mbili, akawaachia watu wenyewe waseme.

Hayo ndiyo uliyoyasikia, Baba. Ndiyo yaliyokufanya uvue pembe.

Wiki ile sikujua pa kujificha. Kijana mwenye miwani kutoka gazeti moja la mji mkuu, Tegucigalpa, alikuja, akaandika kwamba huku San Lázaro jukwaa la nchi yetu limeacha kuomba ruhusa ya kusema. Wanafunzi wawili wa chuo kikuu walikuja kwa basi, wamejaa vumbi, wakaniuliza ule ukimya unapaswa uwe wa urefu gani, pumzi ngapi, na kama nilikuwa nimewafundisha wale wanawake lini waanze. Niliwaambia sijui. Wakaliandika na hilo. Kikundi cha maigizo cha mji wa Choluteca kimeleta habari kwamba nao wataacha maneno ya mwisho bila kuyasema, watazamaji wayamalizie. Don Eulogio amekuwa akitamba kisimani kwamba tumegundua aina mpya ya mchezo. Mtu akamjibu kwamba wamegundua namna ya kuwafanyisha kazi watazamaji bila ujira. Candelaria aliacha kuniita Mstari. Ananiita Karani wetu, na ananiletea tortilla za moto zimefungwa kwa kitambaa, hataki nizilipie. Sikuweza kuzila zote.

Kisha Jumatatu ya tarehe 26 askari wawili waliingia darasani kwa Mwalimu Lisandro, akiwafundisha watoto kugawanya, wakaondoka naye. Yuko katika selo ya kituo hadi leo ninapoandika. Askari wanasema yeye ndiye aliyepanga ule ukimya, kwamba aliwafundisha watu maneno yaliyokatwa na kumwamuru mnong'onezi anyamaze.

Siku iliyofuata Bwana Katibu aliniita. Alikuwa mpole. Aliniambia nikae kwenye mashine, akanisomea, nami nikachapa: "Mimi, Nicanor Mejía, karani, ninakiri kwamba Mwalimu Lisandro Cálix aliniamuru ninyamaze ili umati useme maneno yaliyokatazwa." Nilichapa kwa nakala tatu, karatasi za kaboni katikati, bila kosa hata moja. Kisha akaniambia nitie sahihi. Nikasema naomba muda nifikiri. Akanitazama kama vile meza imeongea. Akanipa mpaka Ijumaa hii. Nikitia sahihi, nitabaki na kazi yangu, na Mwalimu atapelekwa gereza la mji mkuu kwa muda ambao hakuna aliyenitajia. Nisipotia, nitamfuata selo.

Candelaria aliposikia alisema jibu ni rahisi. "Waambie ulifanya mwenyewe. Waambie dhamiri yako ilikukataza. Wakufunge wewe, kijana huna mke, na sisi tutakuletea chakula kila siku, na nje mlangoni tutakuimbia." Alisema kwa furaha, Baba, kama mtu anayepanga harusi. Wote waliokuwapo walinitazama kwa macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo maishani mwangu. Nilisema nitaona.

Niña Otilia, ni hapa. Tafadhali endelea.

Sikufanya kusudi. Hakuna aliyeniamuru ninyamaze, na dhamiri haikunikataza kitu. Nilikuwa na nakala moja tu, ile yenye muhuri. Ya pili ni hadithi ya watu. Nilikuwa nimeamua, tangu siku ile pale kona ya kanisa, kwamba nitampa Candelaria maneno ya Katibu, "Mungu awasamehe, mabwana," na nilikuwa nimeyapigia mstari kwa penseli nisikosee. Mahali palipofika niliona miguu yake mbele ya uso wangu, peku, visigino vimepasuka kama udongo wa don Eulogio. Nyuma yangu, karibu kabisa, Kamanda alikohoa. Kikohozi cha kawaida cha mtu mwenye vumbi kooni. Nikafungua mdomo nimpe maneno yenye muhuri, na sauti haikuwapo. Nilijaribu tena. Ulimi ulikuwa umekauka, mikono imekufa ganzi, na karatasi imeanguka kati ya miguu yangu. Sikuweza hata kuyasema maneno ya woga, Baba, kwa sababu ya woga. Watu walipoanza kusema nilidhani wanaanza kuniua. Nilijifunika kichwa kwa mikono mpaka pazia lilipofungwa, na don Eulogio aliponivuta nje na kuniona nimelowa jasho na machozi, alinikumbatia, akapaza sauti, "Tazameni jinsi alivyoteseka kwa ajili yetu!" Sikumsahihisha. Siku kumi na nane sasa sijamsahihisha mtu yeyote.

Ndiyo hiyo. Ni kile kitambaa cha altare tena, ila safari hii walinipigia makofi.

Jumapili nilikwenda kumwona Mwalimu na maharage ya Candelaria. Nilimweleza yote kupitia kwenye nondo. Amekonda, na shati lake ni lile alilokamatwa nalo. Nilitegemea atanitukana. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akasema kwamba mimi niliogopa dakika moja na yeye aliogopa mwezi mzima, tangu alipoiona ile kalamu nyekundu na kuvaa kofia yake tena. Nikamuuliza je, nikiusema ukweli, si utaharibu kila kitu, gazeti, Choluteca, wanafunzi? Akanijibu: "Maneno waliyasema wao, Nicanor. Hofu yako haiwezi kuyarudisha vinywani mwao." Halafu akaniuliza kama mwalimu wa zamu anawafundisha watoto wake kugawanya au amewaacha wakicheza. Sikujua. Nikamwahidi nitakwenda kuangalia, na Jumatatu nilikwenda. Wanacheza.

Leo asubuhi, kabla ya ofisi kufunguliwa, nilichapa maelezo yangu mwenyewe. Nusu ukurasa. Nilieleza kwamba sikuamriwa na mtu, kwamba Mwalimu aliagiza tufuate nakala yenye muhuri, kwamba nilinuia kuifuata, na kwamba sauti ilinipotea kwa hofu ya kumsikia Kamanda akikohoa. Nilitia sahihi. Nikampelekea Bwana Katibu, aliyekuwa ametoka kanisani na alama ya majivu kwenye paji la uso. Alisoma mara mbili. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani akaifuta, na majivu yakamdondokea puani. Akaichukua karatasi akavuka nayo uwanja hadi kwa Kamanda, na mimi nikasimama dirishani. Sikuwaona ila niliwasikia, kicheko cha wawili.

Aliporudi alinipa masharti. Kamanda amefurahi. Watu wanadhani wamefanya jambo kubwa, alisema, kumbe ni karani aliyekauka koo, na ni vizuri walijue hilo. Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya misa, ukumbi wa shule utafunguliwa, na mimi nitasimama jukwaani, si kibandani, niyasome maelezo yangu mbele ya watu walewale. Nikimaliza kusoma, Mwalimu ataachiliwa siku hiyohiyo. Nikikwama au nikinyamaza, itachukuliwa kwamba ni ule mchezo tena, na tutakaa selo moja. Kazi yangu imekwisha kwa vyovyote. Ofisi ya vibali, alisema, haiwezi kuwa na mtu ambaye hata woga wake haufuati maelekezo.

Nilimwendea Candelaria mchana, kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa anapiga tortilla na hakuacha. Alipiga tatu, nne, bila kunitazama. Kisha akasema, "Kwa hiyo unataka kuwarudishia ukimya wetu." Nikasema nataka Mwalimu arudi kwake. Akapiga nyingine. Akasema mimi ni mjinga, na kwamba mama aliyenizaa ana kazi, na kwamba angalau ningekula kitu, uso wangu ni wa maiti. Alinipa tortilla na chumvi. Nikatia mkono mfukoni, naye safari hii alipokea hela yangu. Nilipokuwa naondoka aliniita, "We Mstari!" Nikageuka. Akasema, "Usisome kwa pua."

Nimechoka, Baba. Nimechoka kuliko siku za kuvuna kahawa. Naandika haya mezani kwangu baada ya saa za kazi, ofisi tupu, na muhuri uko hapa mbele yangu, na nimegundua kwamba sitausikitikia. Sijui nitafanya kazi gani. Pengine nitarudi nyumbani nikawaandikie watu barua, nimpumzishe niña Otilia macho.

Nilitaka uyasikie haya kutoka kwangu kabla Tacho hajaleta yake. Najua kuna watu hapo barazani, na kwamba wameshasikia yote kwa sauti ya niña Otilia, na kwamba kesho watakuwa wananiita Malaika kwa ile maana ya zamani. Waache. Pembe zako zichukue, uzivae tena. Uliyemvulia ni mtu mwingine.

Lakini kama goti linakuruhusu, panda basi la Jumapili asubuhi. Kaa mbele, pale alipokaa Kamanda. Sikuombi uje kunitetea. Sitakuwa na karatasi mkononi, maana mikono yangu ikifa ganzi karatasi itaanguka tena, na hakutakuwa na mtu kibandani. Nimeyajifunza maneno yale yote kwa moyo, kama wewe ulivyoyajua ya Shetani. Nataka tu niangalie mtu mmoja wakati nayasema, na ninakuogopa wewe kuliko Kamanda. Nikiweza kuyasema mbele yako nitaweza mbele ya wote.

Msalimie Mama, umwambie asilie, nimekula. Msalimieni shangazi, na Golondrina mpeni kipande cha sukari kwa niaba yangu. Niña Otilia, ahsante kwa kutoruka. Nakuombea baraka, Baba, na ninakuomba yako.

Ni mimi mwanao,
Nicanor